Jiwe la Kopa Nililoling'oa Mahameni

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na ninaikumbuka kwa hasira. Hasira ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Ya pili ni juu yako, kwa sababu unataka kurudia ujinga ule ule niliourithisha mimi, na kichwa chako kimekaa darasani miaka kumi na zaidi. Changu kilikaa miwili.

Siku hiyo nilimwona mama mmoja mtu mzima akitambaa kwa magoti katikati ya magugu, anapapasa ardhi shubiri kwa shubiri, anatafuta kaburi la mtoto wake wa miezi saba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, panga mkononi, najua kabisa kwa nini halioni. Na nikanyamaza.

Nitakueleza yote. Lakini kwanza nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu, maana mimi si mtu wa kuandika. Herufi nimezijua vizuri kwenye kisomo cha watu wazima, ndevu zimeshaota, nikiwa nimekaa benchi moja na mama yangu mzazi. Nyumba hii ya tofali za kuchoma hapa Kabuku, michungwa yote mpaka bondeni, mashine ya kusaga, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo ninasema ninavyotaka. Anayeona maneno yangu makali akasikilize redio.

Juzi wewe, mjukuu wangu, na wenzako wawili mlikuja na pikipiki, mkamwaga salfeti ya mawe barazani kwangu. Mawe yote yana umbo la moyo, ule moyo wa kuchorwa, sisi tunaita kopa kwa kuwa ndilo umbo la kopa kwenye karata. Mkayapanga, mkayapiga picha, mkazirusha kwenye simu. Nikauliza yametoka wapi.

"Porini tu, babu."

"Pori gani?"

"Pori tu huko nyuma. Hakuna mwenyewe."

"Na mnayafanyia nini?"

"Tunawagawia watu, babu. Mtu akipata jiwe la moyo anafurahi. Wengi wanatuuliza ni wapi, na wao waje kuokota."

Hilo neno, hakuna mwenyewe, lilinichoma kama upupu. Nikapiga fimbo chini, nikawaambia yote yarudi yalikotoka, moja moja. Mkacheka. Mmoja wenu akasema, "Mzee ana hasira za mkonge huyu." Akadhani sikusikia. Masikio yangu ni mazima, miguu ndiyo imechakaa.

Wanasema hasira hasara. Mimi hasira yangu imenijengea nyumba, na leo nataka ikujengee wewe akili. Kaa usikie.

Baba yangu alipokufa niliacha shule, nikaenda Korogwe kukata mkonge. Nilikuwa mdogo bado, lakini nilijiongezea miaka mbele ya nyapara, akaniandika. Huko tulichanganyika watu wa kila kabila, na Jumapili tulicheza karata chini ya kibanda cha mizani. Ndiko nilikojifunza kopa na jembe na mengine ambayo hayakuhusu.

Nilipochoka na miba nikarudi Handeni, nikakuta nchi imegeuka. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Watu waliokuwa wakiishi vitongojini, nyumba tatu huku, nyumba tano kule, wamehamishwa wote wakapangwa pamoja kando ya barabara, ili wapate shule na zahanati na maji. Mengine walipata, sitaki kusema uongo. Waliohama walibeba vyungu, vinu, na milango. Wengine waling'oa hata boriti. Nyumba za zamani zikabaki vinywa wazi kama vibogoyo, mvua ikazimalizia. Mahali pa namna hiyo, palipokuwa na watu wakahama, tunapaita mahame. Ushike neno hilo.

Kilichoshindikana kubebwa ni makaburi. Yale yalibaki.

Mimi nilifika nikiwa na kofia ya Korogwe, viatu, na maringo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye viatu, katika kijiji cha wavaa makubazi. Hebu fikiria mwenyewe kichwa kilivyovimba. Siku moja kijitoni niliokota kijiwe chenye umbo la kopa, nikampa binti mmoja, nikamwambia kwamba huko Korogwe ndivyo mtu anavyosema lililo moyoni bila kufungua mdomo. Uongo mtupu. Huko Korogwe hatukuwa na nafasi ya kuokota mawe. Lakini uongo ukashika. Ndani ya mwezi vijana wote walikuwa wameinama kijitoni kama korongo, na mabinti wanapanga kopa zao ukutani barazani, wanahesabiana. Aliyeolewa mbali alipewa moja na kila rafiki. Mgeni akiondoka, anapewa moja.

Sikatai, lilikuwa jambo zuri. Ukiliona jiwe dogo la kijivu limelainishwa na maji mpaka likapata umbo hilo, unaona kama Mungu alikuwa anacheza. Sina ugomvi na kuokota. Ugomvi wangu utausikia.

Kulikuwa na binti jirani yetu anaitwa Zaina. Ulimi wa Zaina ungeweza kukwaruza sufuria. Nilimpelekea kopa la kwanza, akaligeuza geuza, akaita wenzake.

"Kaka Mhina, hili ni kopa au figo ya mbuzi?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nikapeleka la pili.

"Hili nalo limepigwa na nani? Mbona limevimba upande?"

Nikaapa moyoni nitamletea jiwe litakalomfunga mdomo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi nikainama kweli, kijito chote, hakuna. Wenzangu walikuwa wameshakomba. Basi nikavuka kijito, nikapanda upande wa pili, nikaingia kwenye mahame ya kitongoji ambacho sikuwahi kuishi. Kitongoji chetu kilikuwa mbali na pale, na wakati watu wa pale wanazaa na kuzika mimi nilikuwa mkongeni. Sikujua nyumba ya nani ilikuwa wapi. Hilo linaweza kuwa udhuru. Lakini sikiliza, uone kama linatosha.

Masika matatu tu yalikuwa yamepita tangu watu wahame. Majani yalikuwa yananifika kiunoni. Nilikuta mgomba, nikapita. Nikakuta mpapai una papai limeiva, nikalitungua, nikala nimesimama, nikajisemea, pori hili lina neema. Unanisikia? Pori lina mpapai na mgomba, na mimi mwenye akili zangu naliita pori. Nikakanyaga kipande cha kinu kilichooza. Nikakiruka.

Ndipo nikaliona. Jekundu kama ini, kubwa kama viganja viwili, kopa halisi, ncha chini na mashavu juu, kama vile limekatwa kwa kisu. Na lilikuwa limesimama. Halikulala kama mawe mengine yanavyolala. Lilisimama wima, ncha imezama ardhini, uso umetazama upande mmoja.

Nililishika halikutoka. Nikalitikisa kama mtu anavyotikisa jino, mbele nyuma, mbele nyuma, likaachia na udongo wake. Hatua moja mbele kulikuwa na kijiwe kingine, kidogo, hakina umbo, nacho kimesimama. Nilikikwaa nilipogeuka. Nikakipiga teke.

Nikaondoka naimba.

Zaina alipolipokea hakusema neno. Alilipangusa kwa kanga, akalishika kifuani, akaniangalia, na mimi nikajiona mwenyekiti wa wanaume. Nilijisifu kwa vijana wenzangu wote, nikawaeleza na mahali nilipolitoa, ili wajue mimi sichumi kijitoni wanakochuma watoto. Jiwe lilikaa kwa Zaina siku chache tu. Dada yake aliyeolewa Makuyuni, huko Korogwe, alikuja kutembea, na Zaina akampa kama ilivyokuwa desturi yetu mpya. Kizuri kula na nduguyo. Likapanda lori likaenda.

Mvua zikapita. Serikali ya kijiji ikaamua kwamba yale mahame ya ng'ambo, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa na rutuba ya mbolea ya miaka mingi, yafanywe shamba la kijiji, na wilayani wataleta trekta. Kwenye mkutano bwana shamba akasimama akasema waziwazi: kila mwenye kaburi kule ana siku saba. Akate miti, azungushie. Kaburi lenye alama trekta litalizunguka. Lisilo na alama ni shamba.

Habari ikamfikia Bi Fatu huko Dindira. Huyu alikuwa mwenyeji wa kitongoji kile. Wakati wa kuhama mumewe alimwacha, naye akapanda mlimani kwa kaka yake, akawa anachuma chai, ndiyo maana mimi sikuwa nimewahi kumwona. Aliposikia trekta aliteremka siku ile ile. Alikuwa mwembamba, mrefu, anaongea polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Katika maisha yake alizaa mara moja. Mtoto wa kike, Rehema. Alipofika miezi saba homa ikamchukua, akazikwa nyuma ya nyumba, kama tulivyokuwa tukiwazika wachanga.

Asubuhi yake sisi vijana tulipewa kazi ya kukata miti na kusaidia wazee kuzungushia makaburi yao. Mjomba wangu Athumani, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyetusimamia. Kila mzee alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake, au mti wake. Bi Fatu alikwenda, akasimama, akageuka kulia, akageuka kushoto. Nyumba yake ilikuwa imeyeyuka, nguzo zake zilishaokotwa kuni na watu wa kijijini, na moto wa kiangazi ulikuwa umepita ukachoma hata migomba. Akatugeukia, akasema kwa upole:

"Wanangu, nisaidieni macho. Tafuteni jiwe jekundu, la umbo la kopa, limesimama. Hakuna jingine kama lile. Nililiokota mimi mwenyewe mtoni nikiwa na mimba yake."

Mwanangu, tulikuwa vijana kumi. Wote tisa waliobaki walinigeukia. Hakuna aliyenyanyua mdomo. Tisa wana macho na ulimi hakuna. Na mimi nikainama nikajifanya natafuta.

Ndipo alipopiga magoti. Akaanza kupapasa, labda jiwe limeanguka, labda limefunikwa. Alikuwa anaita jina la mtoto kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Sikuambii hili ili ulie. Nakuambia ili ujue kwamba nililisikia, nikaendelea kufyeka majani kando yake, kwa sababu niliogopa Zaina atanionaje, na watu watasemaje juu ya kijana mwenye viatu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha la kwangu, na kifo kilikuwa cha mtoto wa mwenzangu.

Mjomba Athumani hakutazama majani. Alitutazama sisi. Aliona vijana tisa wanamkwepa mmoja. Akanivuta pembeni, nyuma ya kichuguu.

"Liko wapi?"

"Nini, mjomba?"

"Usinichezee. Liko wapi?"

Nikamwambia. Mpaka Makuyuni nikamwambia. Akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Siku ile ulikula kitu humu?"

"Nilikula papai."

"Lilipandwa na nani?"

Nikainama nikafuta panga kwenye majani.

"Nakuuliza wewe, mwana wa dada yangu. Mpapai ulipandwa na nani?"

"Sijui."

"Hujui, au hukuuliza?"

"Mjomba, mimi nilidhani ni pori."

"Pori." Alilitema lile neno. "Watu wamehama juzi, moshi wao bado uko kwenye majani, wewe umeshawafanya pori. Jiwe la Mungu hulala, Mhina. Ukiliona limesimama, ujue kuna mtu alipiga magoti kulisimamisha. Hukujiuliza ni nani alipiga magoti?"

Nikasema nitakwenda Makuyuni kulileta, kisha nitamweleza Bi Fatu.

"Utamweleza sasa."

"Nikiwa nalo mkononi ingekuwa..."

"Ingekuwa rahisi kwako. Nenda."

Nilikwenda. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema, shikamoo mama, nikasema jiwe nililichukua mimi. Nilitegemea kofi. Nilitegemea laana, maana laana ya mama aliyefiwa kwetu inaogopwa kuliko radi. Yeye aliuliza tu:

"Ulipolitoa, lilitoka kirahisi?"

"Hapana, mama. Nililitikisa sana."

"Ndiyo," akasema. "Nililigongelea kwa mchi." Kisha akasema, "Lilete."

Nikapanda lori la mbao mpaka Segera, jingine mpaka Korogwe, na kutoka hapo nikatembea. Dada yake Zaina nilimkuta uani anapepeta. Jiwe lilikuwa pale pale, limezuia mlango wa banda la kuku. Nikasalimia, nikasema nimefuata jiwe. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umefunga safari kutoka Handeni kufuata jiwe? Kwani Handeni nzima mawe yamekwisha?"

"Dada, nakuomba tu unipe."

"Huyu Zaina mdogo wangu ana mambo. Anatoa zawadi halafu anatuma mwanaume kuidai. Kesho mtadai na kuku niliyempikia alipokuja."

Nikamwambia lilikuwa la nini. Ungo ukatulia mkononi mwake. Alikwenda akalitoa mlangoni, akalisafisha mavi ya kuku kwa maji na majivu, akalifunga kwenye kanga yake mpya, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie mama yake sikujua." Nikamjibu kwamba hata mimi sikujua. Akanikata jicho. "Wewe ulikuwepo pale. Mimi nilikuwa Makuyuni."

Siku ya sita nilirudi. Tukavuka kijito watu watatu, Bi Fatu, mjomba, na mimi na jiwe mabegani. Njiani nilikuwa na matumaini. Nilijua nitakumbuka. Si mimi niliyelitoa kwa mikono yangu?

Nilifika nikasimama, nikaangalia. Mwanangu, sikujua hata nianzie wapi. Mpapai haukuwepo, moto uliuangusha. Shimo la jiwe mvua ilishalijaza. Kile kijiwe cha miguuni mwa kaburi, kile nilichokipiga teke, kingetusaidia, na sasa kilikuwa mahali kijiwe chochote kinapokuwa. Siku ile macho yangu yote yalikuwa kwenye jiwe. Mahali lilipokaa sikupaangalia. Ninalikumbuka lile jiwe mpaka leo, kila mkwaruzo. Mahali pake sipakumbuki.

Na hapo shetani akaja na ushauri mzuri. Akaniambia, onyesha popote. Mama atatulia, mjomba atatulia, trekta litazunguka, nani atajua? Nikanyoosha kidole nikasema, "Ni hapa."

"Una hakika?" mjomba akauliza.

Bi Fatu akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na matumaini, na hayo ndiyo yaliyonishinda.

"Sina," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole. "Afadhali umesema. Ungenifanya nisome dua maisha yangu yote juu ya kichuguu."

Mjomba alimwendea bwana shamba, akamwomba waache kipande kizima, hata eka moja. Bwana shamba alikuna kichwa, akasema yeye ametumwa kulima shamba, na akiacha eka kwa kila asiyejua, atalima nini. Alikuwa na haki yake. Aliyekosa haki ni mimi. Bi Fatu alijitwika jiwe lake kichwani akarudi nalo kijijini.

Trekta lilikuja. Watoto walilikimbilia kwa vigelegele, maana wengi hawakuwahi kuliona. Lililima asubuhi mpaka jioni, udongo mwekundu ukageuzwa mistari mistari, likazunguka makaburi yote yenye miti. Moja lilipita juu yake, na hakuna anayejua ni mstari upi.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa hayajawahi kuonekana. Bua moja, mahindi mawili. Wakati wa kugawana, kila nyumba ililetewa fungu lake. Bi Fatu, ambaye sasa alikuwa amejengewa kibanda na mjomba wangu, aliletewa la kwake. Akasema, wapeni wenye watoto. Mwaka uliofuata akasema hivyo hivyo. Alikuwa akifanya kazi shambani siku zote za zamu, analima, anapalilia, anavuna, na hakuwahi kutia punje ya shamba lile mdomoni mpaka alipofariki. Alikula muhogo wake wa nyuma ya nyumba. Na alikuwa akipalilia taratibu kuliko wote, kwa mkono, jembe ameliweka kando. Wasiojua walimwita mvivu. Mimi nilijua, na safari hii nilifungua mdomo, nikagombana na watu wawili mpaka tukashikana mashati.

Jiwe alikaa nalo ndani. Sikuliona tena wala sikuomba.

Mimi yale mahindi nilikula. Nilikula na nilishiba, ndiyo aibu yenyewe.

Zaina naye alizikusanya kopa zake zote akazirudisha kijitoni. Mshenga wangu alipokwenda kwao, alirudi na jibu moja: mtu anayeng'oa bila kuuliza hamtaki. Nilikasirika mwaka mzima. Baadaye niliona alisema kweli, nikaoa kwingine, na mke wangu nilimweleza habari hii kabla ya mahari, ili asije akaisikia kwa jirani.

Sasa wewe. Unaniambia dunia imebadilika, mawe ni mawe, unawapa watu furaha. Furaha ya nani, na imeondolewa kwa nani? Nchi hii ya Handeni na Korogwe watu wamehamishwa, wamerudishwa, wamefukuzwa na njaa, wameletwa na mkonge, wamekufa makambini mbali na kwao. Kila unapokanyaga palikuwa na mtu. Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Kuna pori ambalo mwenyewe hayupo kukukataza, na hapo ndipo adabu yako inapopimwa, kwa sababu mbele ya mwenye fimbo hata mwizi ana adabu.

Okota, sikukatazi. Okota palipo na maji yanayotiririka, jiwe lililolala, lililoletwa na mto na litakalochukuliwa na mto. Lakini kabla hujainama, inua kichwa. Kuna mpapai? Kuna mgomba, muembe, kigae, kipande cha kinu? Basi umeingia nyumbani kwa mtu, piga hodi. Rudi kijijini ukaulize, hapa palikuwa pa nani? Kuuliza hakutakushusha cheo. Jiwe lililosimama usiliguse, hata liwe zuri namna gani, na lenye mwenzake mbele yake ulikimbie. Na ukimpa mtu jiwe, mpe na mahali lilipotoka, umtajie mto na kilima. Ukishindwa kutaja, basi hukupaona, na kitu ambacho hukuona mahali pake hukustahili kukibeba.

Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje uwe nacho mkononi, usingoje upate maneno mazuri. Mimi ningesema ile dakika ya kwanza, kabla hajapiga magoti, asingetambaa. Kaburi pengine tusingelipata hata hivyo. Lakini asingetambaa. Hilo tu lilikuwa ndani ya uwezo wangu, nami nilimnyima.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe bado hujaujua, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, sikuombei uujue. Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kitu. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe watoto, akuwekee, na siku yako ikifika wakuzike wao, wala usimzike hata mmoja.